Karani wa Namba Ndefu

Ukimuuliza Karani alifanya kazi gani kabla ya kustaafu, alikutazama kwanza kuona kama umeketi. Kama ulikuwa umesimama, alikujibu, "Kazi ya ofisi," akaendelea na safari yake. Kama ulikuwa umeketi, na hasa kama ulikuwa na chai mkononi, basi umekwisha. Chai ingepoa, utando ungetanda juu yake, na Karani angekuwa bado hajafika pale ambapo namba zilianza kupungua.

Mimi niliketi mara nyingi. Tulikuwa majirani Kaloleni, hapa Nairobi, miaka mingi, na nilikuwa katibu wa kamati ya ukumbi wa mtaa, cheo ambacho hakina faida yoyote ila kukuweka karibu na watu wanaopenda kuzungumza. Kwa hiyo kazi yake naijua. Nitaieleza alivyonieleza yeye, kwa kuwa sijasikia maelezo mengine yanayoyashinda yake.

Intaneti, alisema, si kitu kimoja. Ni mitandao mingi iliyoshikana mikono: wa kampuni hii, wa chuo kile, wa benki ile. Ili mzigo, yaani habari inayotumwa, utoke mtandao mmoja ufike mwingine, kila mtandao lazima uwe na namba yake ambayo mingine inaijua. Namba hizo ndizo zinazoandikwa njiani: pitia huyu, kisha huyu, kisha huyu, umefika. Waliobuni mpango huo zamani walitenga namba elfu sitini na tano na ushee, wakaona hizo ni nyingi mno, nani atazimaliza.

"Kama waliojenga hapa," Karani alisema, akionyesha nje kwa kidole gumba. Kaloleni ilijengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa baraza la jiji. Kila nyumba ikapewa namba moja na familia moja. Hakuna aliyefikiri kwamba watoto wangezaa watoto, kwamba uani pangejengwa vyumba vya mabati, kwamba namba moja ya nyumba siku moja ingebeba familia saba. "Barua ya mtu wa mabati inaletwa kwa mwenye nyumba. Akikosana na mwenye nyumba, hana barua. Sasa hapo uone mtandao usio na namba yake."

Aliajiriwa katika ofisi iliyoshughulikia maombi ya namba hizo. Alikuwa karani, si mhandisi, na alijivunia ukarani wake kuliko wahandisi walivyojivunia digrii zao. Namba fupi zilipokaribia kwisha, wakubwa wa kazi hiyo duniani walikubaliana zirefushwe, zipatikane mabilioni. Kurefusha kwenyewe kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa zile ruta za zamani, mashine zinazoelekeza mizigo njia, ambazo zilitengenezwa zikijua namba fupi tu. Ruta ya zamani ikikutana na namba ndefu haiwezi kuisoma. Kwa hiyo ikatengwa namba moja fupi ya badala. Kila namba ndefu, iwe ya nani, iwe ya wapi, ruta ya zamani iliiona kama hiyo moja.

Namba ya badala Karani aliichukia kama mtu aliyemtukania mama yake. Alisema wazee wa reli walisimulia habari za bwana mmoja aliyeshindwa kutamka majina ya vibarua wake, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, akaamua kuwaita wote Musa. "Musa akichelewa, kina Musa wote wamechelewa. Musa akiiba, kina Musa wote wanachapwa. Hata Musa akifa, Katibu, bwana yule hakujua ni nani amekufa. Aliona Musa bado wapo."

Kanisani yeye ndiye aliyehesabu waumini. Alipita kando ya viti wakati wa wimbo wa pili, midomo ikicheza, na hesabu yake ilijumuisha watoto wachanga waliofungwa mgongoni. Mchungaji mmoja mgeni alimwambia wachanga hawahesabiwi. Karani alimjibu, "Mchungaji, naye ana kichwa," akaendelea kuhesabu. Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba aliyehesabiwa hapotei. Aliusema harusini, aliusema matangani, aliusema hata sokoni Burma mwenye nyama alipokuwa akiwaruka watu kwenye foleni.

Alivaa viatu vyeusi vya ngozi alivyonunua Gikomba, mtumba wa daraja la kwanza, akavipaka rangi kila asubuhi hata msimu wa mvua, wakati kutoka mlangoni mwake hadi Jogoo Road ni tope tupu. Kalamu mbili mfukoni: ya kijani ya kuweka tiki, nyekundu ya kuandika maswali. Nyumbani hakuwa na kompyuta. Vijana walimtania, mzee wa intaneti asiye na intaneti, naye akasema seremala halali juu ya meza.

Miaka ile ya kurefusha namba ndiyo iliyomzeesha. Aliitwa kwenye mikutano ya hoteli, akasimama mbele ya watu wenye suti nzuri kuliko yake kuwaeleza kwamba namba zinaisha, wabadilishe ruta zao. Wakamtazama. Wao walikuwa na namba fupi tayari, za tangu zamani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mmoja alimwuliza kwa nini wao wahangaike kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, na Karani alirudi Kaloleni siku hiyo akiwa hasemi na mtu. Mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama, alimwekea chakula, naye Karani akakitazama tu.

Kisha ofisi ikampa orodha ya kampuni zote zenye ruta kubwa mjini, azipitie moja moja ahakikishe zinasoma namba ndefu. Pale ndipo Karani alipokuwa Karani. Alitembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, hadi Upper Hill, hadi Westlands. Alitaka kuingizwa kwenye kile chumba baridi chenye mashine, aone kwa macho yake. Walinzi walimwambia arudi kesho, akarudi kesho. Wakamwambia bosi hayupo, akaketi getini na gazeti lake mpaka bosi akawepo. "Mimi siweki tiki kwa maneno ya mtu," alikuwa akisema. Orodha ilimchukua karibu miaka miwili. Alipoimaliza tulimchinjia mbuzi pale uani, na mtu mzima yule alilia mbele yetu.

Basi huyo ndiye Karani ambaye mtaa ulimjua, na mimi nilimheshimu kuliko baadhi ya wajomba zangu. Lakini ukikaa na mtu muda mrefu unaona na upande unaolaliwa.

Karani hakuwahi kusema, "Nimekosea." Sisemi kwamba alisema kwa nadra. Simkumbuki akiyasema maneno hayo hata siku moja. Mwaka mmoja kamati ilimpa kazi ya kuhesabu viti vya ukumbi, akatuletea viti sitini. Wiki moja baadaye mwenyekiti alivihesabu akapata hamsini na vinane. Karani alisema viwili viko kwake, alivichukua kuvikarabati. Jumamosi akavileta kweli, vimepakwa rangi ya bluu ya ukumbi, rangi mbichi bado inashika nguo. Tulifurahi. Siku moja baadaye nilikwenda kwake nikamkuta Mama anakula akiwa ameketi kwenye kigoda cha kupikia chapati, na pale mezani viti vilikuwa vimepungua viwili. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama, akaniongeza mboga. Niliicheka hadithi hiyo miaka mingi. Niliwasimulia watu harusini. Leo sioni kicheko chake kiko wapi.

Sasa nije kwa dada yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Nduku alikuwa mdogo wangu, na alikuwa na masikio. Mtu akiongea chumba cha pili yeye alisikia hadi pumzi. Kwa masikio hayo alipata kazi ya kuandika yale ambayo madaktari wa ng'ambo hujirekodi wakisema baada ya kumwona mgonjwa. Kampuni ilikuwa huko huko ng'ambo. Kazi ilifanyiwa ukumbini kwetu, watu kumi na mmoja wamevaa vitu vya masikioni, kimya kama kanisa la Jumatatu. Kampuni ilikuwa imeusajili ukumbi kama mahali pa kazi. Mtu akijaribu kuingia kwa simu yake kutoka kitandani, alikataliwa. Nduku alikuwa na binti wa miaka sita asiye na baba wa kutajwa, na kazi hiyo ilimtosha yeye na mtoto na hata mama yetu kidogo.

Waya wa ukumbi ulitoka kwa jamaa mmoja wa mtaa. Jamaa huyo alipokosana na jamaa mwingine wa Shauri Moyo, waya ulikatwa, na sisi tukakaa siku nne bila kazi. Ndipo Karani, akiwa amebakiza miezi michache astaafu, alipoiambia kamati kwamba tunaishi kwa namba ya mtu. Tuwe na mtandao wetu, wenye namba yetu. Mwenye namba yake anaweza kuunganishwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja, akikatwa huku anapita huku. Tutaanza na kampuni moja kubwa ya Eneo la Viwanda, ya pili tutaiongeza baadaye. Hiyo ya pili hatukuifikia kamwe.

Ofisini kwake kulikuwa na namba fupi moja iliyorudishwa na kampuni iliyokufa. Wakubwa wake, kwa kumuaga vizuri, walimwambia anaweza kuuombea mtaa wake hiyo fupi au achukue ndefu. Yeye mwenyewe alitusimulia ukumbini, amesimama, mikono nyuma.

"Nimezunguka Nairobi nzima nikiwaambia watu ndefu ni sawa na fupi," alisema. "Sasa nikiwaletea nyinyi fupi, mimi nitakuwa nani? Nimechukua ndefu."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wengine.

"Lakini Karani," Nduku akasema kutoka nyuma, "si ungetuchukulia tu ile fupi? Hii hata kuikariri ni kazi ingine."

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, jambo ambalo si kila mtu aliweza kumfanyia. "Binti yangu, fupi ni ya waliotangulia. Ndefu ni yetu."

Miezi minne ya kwanza ilikuwa mizuri. Halafu Jumanne moja asubuhi kazi haikufunguka. Elewa vizuri: kila kitu kingine kilifunguka. Nyimbo zilifunguka, mpira ulifunguka, magazeti yalifunguka. Ni kazi tu iliyokataa.

"Kaka, hii ni uchawi gani?" Nduku aliniuliza. "Movie inacheza poa, job ndio imekataa."

Nilimkimbilia Karani. Alikuja, akaketi kwenye kompyuta ya kwanza, akaiambia mashine imwonyeshe njia ambayo mzigo wetu unapitia, akatazama muda mrefu. Alisema atarudi kesho atazame tena. Kesho yake akatazama tena. "Shida iko kwao, ng'ambo," alisema. "Nitawaandikia." Akaandika barua, nzuri sana, kwa Kiingereza cha ofisi. Akaja kila asubuhi tangu siku hiyo, viatu vinang'aa, akaandika maswali kwa kalamu nyekundu, akaondoka. Kampuni yetu ya Eneo la Viwanda tuliipigia simu, wakasema mashine zao zote zilikaguliwa na kupita. Hakuna aliyeuliza zilikaguliwa na nani.

"Wiki hii itarudi," Karani alituambia. Akasema hivyo wiki iliyofuata pia. Sisi tulimwamini, maana kama Karani hajui, nani anajua? Mwezi wa pili kampuni ya ng'ambo ilituandikia kwamba haiwezi kutungoja milele. Watu wakaanza kutawanyika. Mmoja akaenda kuuza viatu Gikomba, wawili wakarudi Machakos, mmoja akaingia ujenzi. Nduku aliendelea kuja ukumbini kila siku, anaketi mbele ya kompyuta yake, anajaribu, anajaribu tena, anazima.

Ajenti wa kupeleka watu Uarabuni alimpata kupitia rafiki yake wa Mbotela. Kazi ya nyumbani, miaka miwili. Nilimkatalia. Tuligombana naye vibaya, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Wewe unanikataza, lakini uko na job ya kunipatia?" aliniuliza. "Karani anasema next week. Mtoto anakula next week?"

Mwezi wa tatu ulipokwisha alipanda ndege. Binti yake alibaki kwangu.

Siku kumi na tisa baadaye mtandao wetu ukapona. Kampuni ya Eneo la Viwanda iliajiri mhandisi mpya, msichana mwembamba mwenye haraka, na yeye, kwa kuwa hakuambiwa kwamba kila kitu kimekaguliwa, akafungua kila mlango. Nyuma ya ghala la vifaa akakuta chumba kidogo, ndani yake ruta ya zamani bado inafanya kazi, na mzigo wetu wote unapitia pale. Ilikuwa haijui namba ndefu. Kila ilipokutana na namba yetu iliandika ile namba ya badala. Na ile kampuni ya ng'ambo ilikuwa imeamua, kuanzia Jumanne ile, kwamba mzigo wowote wenye namba ya badala njiani ni wa kutiliwa shaka na utupwe. Msichana aliibadilisha ruta mchana mmoja. Saa kumi jioni ukurasa wa kazi ulifunguka ukumbini, na hapakuwa na mtu wa kuufanyia kazi. Kazi yetu walishapewa wengine, nchi nyingine.

Yule mhandisi aliniita ofisini kwao kama katibu. Akanipa nakala ya karatasi ya ukaguzi wa zamani.

"Huyu si ni mzee wenu?" aliniuliza. "Hii room ameiweka tiki. Lakini watchman wa zamani anasema hakuna mtu amefungua hiyo mlango miaka sita. Sijui nipatie nani hii kitu. Chukua wewe."

Ilikuwa tiki ya kijani na sahihi yake chini. Niliikunja nikaitia mfukoni, na sikumwambia mtu. Nikajiambia mzee alikosea mara moja, chumba kimoja katika Nairobi nzima. Nikajiambia hakujua, na kwamba ile miezi mitatu alikuwa akitafuta kama sisi tulivyotafuta, akiamini orodha yake mwenyewe. Nilimhurumia. Nikaona nikimwaibisha mbele ya mtaa nitakuwa nimemuua, na Nduku hatarudi kwa hilo, bado ana mkataba.

Nduku alikaa huko mwaka mmoja na miezi minane. Alipiga simu siku za Ijumaa, kisha Ijumaa moja moja, kisha ikawa mwenye nyumba aliyomfanyia kazi ndiye aliyeshika simu akasema amelala. Karatasi iliyokuja na mwili wake ilisema moyo ulisimama. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuwahi kuugua moyo. Tulingoja mwili wiki sita. Sijui mpaka leo nini kilimpata dada yangu, na nimejifunza kuishi bila kujua, kwa maana ya kwamba naamka na kwenda kazini.

Matanga tuliyafanya ukumbini. Kamati ilimwomba Karani ahesabu watu, tujue chakula. Alikataa. Alisema macho yanamsumbua. Aliketi kwenye kona ya mwisho siku zote nne, hakuimba, hakuomba, na mtu mwingine akahesabu vibaya, chakula kikapungua.

Tangu hapo alianza kubadilika, au labda ni mimi niliyeanza kumtazama. Mikutano ya kamati aliiacha. Vijana wakimuuliza mambo ya mtandao alisema hayo yamempita. Lakini binti wa Nduku, Karani alimpenda kwa namna ya ajabu. Alimfundisha hesabu za kugawanya, akamnunulia kalamu kila muhula, na mtoto alipofanya mtihani wa kwenda sekondari mzee alikuja kwangu akiwa na wasiwasi kuliko mimi. Nikasema moyoni, mzee ana moyo mwema.

Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa, mdomo ukapinda kidogo. Maneno yalibaki, ila yalitoka polepole, kila moja likipimwa. Nilimtembelea mara kadhaa na watu wa kanisa. Kisha Jumamosi moja alasiri nikaenda peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeamua jambo. Niliona mtu yuko ukingoni, na ile karatasi imekaa kwenye sanduku langu karibu miaka kumi. Nilitaka afe akijua nimemsamehe.

Mama alinifungulia. "Ingia, Katibu. Leo ameamka vizuri." Akanipa chai, akatoka kuanua nguo.

Karani alikuwa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, shuka magotini. Tuliongea habari za mvua, za mchungaji mpya, za nyumba ambazo serikali inasema itazibomoa. Kisha nikasema.

"Karani, ile karatasi ya ukaguzi wa Eneo la Viwanda ninayo. Yule msichana alinipa wakati ule. Nimekaa nayo miaka yote. Nilitaka tu ujue kwamba najua, na sina kinyongo. Mtu hukosea."

Nilidhani atalia. Hakulia.

"Chumba cha nyuma," alisema.

"Ndiyo."

"Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mazishi. Wakaniambia nirudi Jumatatu. Ilikuwa mara ya tano kufika pale, Katibu. Nikaona, kampuni kubwa hivi, itakosa mashine mpya? Nikaweka tiki nimesimama getini."

"Basi yameisha," nikasema. "Hukujua."

Alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, kama mtu anayezuia gari.

"Nilijua."

Sikuelewa. Nikadhani maneno yanampotea.

"Kazi ilikatika Jumanne," alisema. "Jumatano asubuhi nikaiona namba ya badala kwenye njia, imekaa pale ambapo inatakiwa kuwa yetu. Nairobi nzima nilikuwa na chumba kimoja tu ambacho sikuingia. Nikajua siku hiyo hiyo."

"Siku ya pili?"

"Siku ya pili."

"Karani, ilikuwa simu moja tu. Ungepiga simu moja, wangefungua mlango."

"Nikipiga, wataniuliza nimejuaje. Nilisema wataona wenyewe. Wakiona wenyewe, kosa ni la mashine. Nikisema mimi, kosa ni langu. Kila siku nikasema kesho wataona."

Kikombe changu kilikuwa mkononi na sikuweza kukiweka chini. Nilikuwa nimekuja kumsamehe tiki. Kwa hili lingine sikuwa nimejiandaa, na nakiri kwamba niliangalia ile shingo yake nyembamba na nikaogopa mikono yangu mwenyewe.

Naye hakunyamaza. Nafikiri alikuwa amelibeba muda mrefu mno, na sasa lilipoanza kuanguka aliacha lianguke lote.

"Alikuja kuniaga," alisema. "Ameketi hapo ulipoketi. Tiketi mkononi. Akaniambia, Karani, wewe pekee ndio unajua hii maneno. Nikikaa wiki mbili zingine, itarudi? Ukisema itarudi, naichana saa hii."

Nje nilisikia Mama akikung'uta shuka.

"Ukamwambia nini?"

"Kama ningesema itarudi, ningelazimika kuirudisha."

"Ulimwambia nini, Karani?"

"Nilimwambia aende," alisema. "Nilimwambia huko kuna maisha."

Nakumbuka nilitaka kumwita Mama asikie, mtaa mzima usikie, nisimame ukumbini niwasomee. Nakumbuka pia kwamba nilimchukia, na ile chuki ilikuwa safi kabisa, haikuwa na huruma hata tone. Nilisimama. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

Mlango ukagongwa, na kabla ya mtu kujibu binti wa Nduku akaingia na chupa ya uji. Ana miaka kumi na sita sasa, na amechukua urefu wa mama yake. Nilijua kwamba Jumamosi huwaletea Mama na Karani kitu, ila sikuwa nimewahi kuwapo saa hiyo.

"Ai, Uncle, uko hapa?" akasema. "Karani, leo nimeweka ndimu, usikatae."

Alimwaga uji kwenye kikombe, akaupuliza, akapiga magoti mbele ya kile kiti kwa sababu mkono wa mzee haushiki tena kijiko. Karani alinitazama juu ya kichwa cha yule mtoto. Alikuwa ananingoja. Ningetamka neno moja tu, na mtoto angejua kila kitu pale pale, na kijiko mkononi.

Nilifunga mdomo. Nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mzee, na bado sijui kama ni kweli.

Karani alifungua kinywa. Binti alimlisha polepole, kijiko baada ya kijiko, akimsimulia habari za shule, na uji ulipomwagika upande ule uliopinda alimpangusa kidevu kwa kiganja chake. Kikombe kilipokwisha alimwuliza kama amwongezee, na Karani akasema ndiyo.